Orodha ya ushindi haimtendei haki Pat Summitt

Ndugu Mhariri,

Kila inapozungumzwa rekodi ya makocha wa mpira wa kikapu wa wanawake katika vyuo vikuu vya Marekani, kurasa za michezo hutuletea orodha ileile. Geno Auriemma wa Connecticut yuko juu, anafuatiwa na Tara VanDerveer, aliyestaafu Stanford mwaka 2024 akiwa na ushindi 1,216, halafu chini yao anawekwa Pat Summitt wa Tennessee na 1,098 zake. Hesabu zenyewe ni sahihi. Kinachoniudhi ni kuzichapa zikiwa tupu, hadi msomaji kijana adhani mama huyu aliachwa nyuma kwa uwezo.

Summitt alikabidhiwa timu mwaka 1974 akiwa na miaka 22, bado mwanafunzi wa shahada ya uzamili, huku akiuguza goti aliloumia uwanjani. Alilipwa dola 250 kwa mwezi. Jezi alizozikuta zilinunuliwa kwa fedha za kuuza donati, na mfuaji wa jezi hizo alikuwa kocha mkuu mwenyewe. Dereva wa gari la timu safarini alikuwa yeye pia. Mechi ya kwanza alifungwa kwa tofauti ya pointi moja, na msimu mzima timu ilicheza mechi 24, ikashinda 16.

Sasa tazama msimu wa 1997-98: mechi 39, zote kashinda. Aliyeanza kazi enzi za mechi 24 kwa mwaka atalimbikizaje ushindi kwa kasi ya aliyeanza mwaka 1985, kama Auriemma, wakati NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, kilikuwa tayari kinaandaa mashindano ya wanawake tangu 1982? (Simbezi Auriemma. Kwa wastani wa msimu anamzidi hata Summitt, na vikombe vyake ni vingi zaidi.)

Jambo jingine halimo kwenye orodha yoyote. Miaka ile wasichana wa sekondari jimboni Tennessee walicheza sita kwa sita: watatu wakishambulia upande mmoja, watatu wakilinda upande wa pili, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa kati. Msichana angeweza kumaliza shule bila kujifunza kulinda goli, au bila kuwahi kurusha mpira kwenye kikapu katika mechi. Summitt, mzaliwa wa jimbo hilohilo, aliupinga mfumo huo hadharani mpaka ukafutwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Katikati ya vita hivyo alikwenda Montreal mwaka 1976 kama mchezaji, akarudi na medali ya fedha ya Olimpiki. Miaka 8 baadaye, Los Angeles, aliiongoza timu ya taifa kutwaa dhahabu akiwa kocha.

Ubingwa wa NCAA aliuchukua mara 8, kuanzia 1987 hadi 2008. Lakini mimi ni mwalimu, na nikiambiwa nichague takwimu moja ya kuweka mbele ya jina lake, nitachagua hii: kila mchezaji aliyemaliza muda wake wote wa kuichezea Tennessee chini yake alihitimu masomo. Wachezaji walitakiwa kukaa safu tatu za mbele darasani, na aliyetoroka kipindi hakupangwa kwenye mechi.

Halafu tusisahau alivyoondoka. Agosti 2011 alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu, akiwa na miaka 59. Alifundisha msimu mmoja zaidi, msaidizi wake Holly Warlick akibeba sehemu kubwa ya kazi, na timu ikafika robo fainali ya taifa. Aprili 2012 akaacha. Alifariki Juni 2016, akiwa na miaka 64. VanDerveer alifundisha misimu 45, Summitt 38. Ile misimu 7 ya tofauti haikuchukuliwa na mpinzani uwanjani.

Ombi langu ni dogo, Mhariri. Mtakapoichapa tena orodha hiyo, ongezeni safu mbili: mwaka kocha alioanza kazi, na idadi ya misimu aliyofundisha. Nafasi ipo, maana matangazo ya kamari yanayozunguka ukurasa huo ni makubwa kuliko orodha yenyewe.

Mwalimu na msomaji wenu,
Morogoro