Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo kuhusu matusi tunayoyaita utani

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa shabiki wa Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya soka, na mkazi wa Umoja, Nairobi, kuhusu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, ambazo Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja mwaka 2023. Viwanja, barabara na hoteli vimekwisha kusemewa sana. Langu linahusu vinywa vyetu sisi mashabiki.

Jioni ya Agosti 22, 2025, Kenya ilitolewa na Madagascar kwa penalti pale uwanjani Kasarani katika robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Tuliokuwa tukitazama kwenye ukumbi mmoja wa mtaani hatukuondoka, kwa kuwa usiku uleule Tanzania ilikuwa inapambana na Morocco jijini Dar es Salaam. Miongoni mwetu alikuwepo fundi cherehani kutoka Tanga, ambaye kwa miaka mitatu ametukatia na kutupindia suruali kwenye kibaraza kilicho mkabala na ukumbi huo. Alivaa jezi ya Taifa Stars, timu ya taifa lake. Mzaha ulianza vizuri: mmoja wetu alimwambia kwamba Watanzania hawafungi mabao kwa sababu ni lazima waseme "naomba" kabla ya kupiga shuti, naye akajibu kwamba ni afadhali wanaoomba kuliko wanaokosa penalti kisha wakamfokea refa kwa Kiswahili ambacho hata wenyewe hawakielewi. Tulicheka sote, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wengi.

Morocco ilipofunga, maneno yakabadilika. Fundi aliambiwa arudi kwao, kwamba Watanzania wamejaa Nairobi kuombaomba tu, na kijana mmoja, asiyekuwa na mamlaka yoyote ninayoyajua, akamtaka atoe kibali chake cha kuishi nchini. Wachache walicheka. Sisi wengine tulikodolea macho runinga kana kwamba hatukusikia. Fundi alivua jezi, akaikunja jinsi anavyokunja nguo ya mteja, mikono ikiwa ndani, akaibana kwapani na kutoka akiwa na fulana yake ya ndani kabla mechi haijaisha. Kibaraza kilikaa siku nane bila cherehani.

Najua utetezi wetu utakuwa upi: kwamba ule ulikuwa utani. Lakini utani, Mheshimiwa, una masharti yake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani, na tangu hapo mtani aliruhusiwa kumwambia mwenzake maneno ambayo mtu baki angeyasema angeshtakiwa kwa wazee. Ila mtani huyohuyo anayekudhihaki msibani kwako ndiye anayetarajiwa kuwa wa kwanza kufika na kushika jembe kaburini. Uhuru wa ulimi ulilipiwa kwa wajibu. Ndiyo maana mashabiki wa Simba na Yanga wanaitana watani wa jadi, na hapa kwetu Gor Mahia na AFC Leopards wanaitana mashemeji kwa sababu ya ndoa nyingi kati ya Waluo na Waluhya, ingawa nakiri kwamba mashemeji hao wamewahi kurushiana mawe. Sisi pale ukumbini tulichukua ulimi wa mtani tukaacha jembe. Yule fundi hakuwa na mtu wa kumshika mkono.

Haikuwa hivyo daima. Tulipokutana na Tanzania jijini Cairo mnamo Juni 27, 2019, wao wakiongoza mara mbili na sisi tukishinda 3-2 kwa mabao mawili ya Michael Olunga na moja la Johanna Omolo, mzaha ulivuka mpaka wa Namanga kwa wiki nzima, na sikumbuki aliyeulizwa karatasi zake. Uliohusu bao ulibaki kwenye bao. Unaoharibu ni ule unaotoka kwa mchezaji aliyekosea ukaenda kwa taifa lake lote: Watanzania ni wazembe, Waganda ni hivi, Wanaijeria wote ni matapeli, Waarabu hujiangusha ili kupoteza muda. Hilo la mwisho nililiamini mimi mwenyewe hadi Agosti 10, 2025, tulipoifunga Morocco 1-0 tukiwa wachezaji kumi tangu mwisho wa kipindi cha kwanza. Kipindi chote cha pili, kila alipoanguka mmoja wetu, niliomba asiinuke upesi.

Baada ya mechi hiyo, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupunguzia mashabiki hadi 27,000 kwa sababu ya watu waliovamia malango, na serikali ikaongeza polisi na kukaza ukaguzi wa tiketi. Hilo lilifaa. Lakini kila mazungumzo ya usalama tangu wakati huo yanakomea langoni, kana kwamba aliyeingia na tiketi halali hawezi kumdhuru mtu tena.

Sheria haikosekani. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inapotaja chuki ya kikabila inajumuisha chuki inayotokana na uraia, na refa wa kimataifa anajua hatua tatu za kufuata matusi ya ubaguzi yanaposikika: kusimamisha mechi, kuwarudisha wachezaji vyumbani, na hatimaye kuivunja. Siombi vijana wa mtaani kwetu wafungwe. Ninaomba wizara yako iwakutanishe mapema viongozi wa mashabiki wa nchi hizi tatu, waandike kwa Kiswahili wanachokubaliana kutosema, na kila tawi la mashabiki wa Kenya lipewe kundi la wageni wa kuwapokea stendi, kuwapeleka uwanjani na kuwarudisha walipolala. Mtu uliyemlisha mchana humwiti ombaomba jioni kwa wepesi uleule. Ninaomba pia masharti hayo yawafikie wenye kumbi za kutazamia mechi, maana refa hasikii yanayosemwa Umoja, na wengi wetu hatutapata tiketi.

Fundi alirudi. Anashona kama zamani, anajibu salamu, lakini ile jezi sijaiona tena mwilini mwake. Nimenuia kumnunulia tiketi ya mechi moja mwaka 2027, na kabla sijamwalika ningependa kujua kutoka kwako, Mheshimiwa, tutaketi upande gani, na ni nani aliyevaa kizibao cha mhudumu wa uwanja atakayesogea tutakapoanza kuulizwa vibali.

Wako mwaminifu,
Shabiki wa Harambee Stars,
Umoja, Nairobi