Umra: pasipoti, chanjo na kandambili
Asalaam aleykum jamaa zangu, wale hawajaleta pasipoti nileteeni basi, na uangalie kwanza iwe na miezi 6 mbele, sitaki mtu anikabidhi ya kuisha mwezi ujao. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo mdungwe mapema, isipungue siku 10 kabla ya kuingia Saudia, na cheti msikiwache nyumbani. Wanaume, ndege inatua Jeddah lakini mikati, ule mpaka wa kuingilia ihramu, tunaipita angani, kwa hivyo shuka za ihramu tunavaa kabla, usije ukaniambia ziko kwenye begi kubwa huko chini 😅 Kandambili anzeni kuzizoea sasa, tembeeni nazo pale bustani ya Mama Ngina jioni, maanake tawafu ni kuizunguka Kaaba mara 7, halafu kutembea kati ya Safa na Marwa mara 7 tena, malengelenge hayana huruma wallahi. Kina mama, dawa za presha begi la mkononi.