Kliniki za kulipia zisimnyime mgonjwa wa foleni daktari

Mhariri,

Naandika kuhusu utaratibu wa madaktari bingwa kuona wagonjwa wa kulipia ndani ya hospitali za umma. Utaratibu wenyewe siupingi. Tangu sheria ya mwaka 1977 iliyobana hospitali binafsi ilegezwe mwaka 1991, bingwa anaweza kwenda kutafuta nyongeza nje ya kituo chake. Ni heri abaki, aongeze kipato kihalali karibu na wagonjwa wake wa wodini.

Hofu yangu ni saa. Huku Nyanda za Juu Kusini mabingwa ni wachache, na mgonjwa wa rufaa anayekuja Mbeya kutoka Sumbawanga au Makete ameshalipa nauli na pengine chumba cha kulala. Kliniki ya kulipia ikianza saa sita mchana huku foleni ya asubuhi bado ndefu, ataambiwa arudi kesho, au akope alipie leo. Hapo hakuna hiari, hasa kwa mkulima wa viazi anayesubiri mavuno ndipo ashike fedha.

Wizara ya Afya itamke wazi kwamba kliniki hizo zianze baada ya saa 9:30 alasiri, muda wa kazi serikalini ukiisha, na daktari asiianze kabla ya kumaliza foleni yake ya kawaida. Ratiba ya kila bingwa ibandikwe mapokezi. Mapato nayo yatangazwe, pamoja na kiasi kinachorudi kununua dawa na vitendanishi vya maabara, maana majengo, mashine na umeme unaotumika ni vya walipa kodi.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya