Katatonia isifundishwe tena kama tawi la skizofrenia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi watumishi wenzangu wa afya, hasa wakufunzi wa vyuo, tuache kufundisha kwamba katatonia, yaani hali ya mgonjwa kuganda, kutosema au kuhangaika bila sababu, ni aina ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra. Karl Kahlbaum, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1874, aliiona kuwa ugonjwa unaojitegemea. Emil Kraepelin ndiye aliyeiweka chini ya ugonjwa uliokuja kuitwa skizofrenia, na humo ikakaa kwa miongo mingi. Hata watafiti Abrams na Taylor walipoonyesha mwaka 1976 kwamba wengi wa wagonjwa wa katatonia walikuwa na maradhi ya hisia, hasa mania (msisimko uliopita kiasi), vitabu havikuharakisha kubadilika.

Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili (DSM-5) wa mwaka 2013 unakiri kwamba katatonia huweza kuambatana na sonona, baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), usonji au ugonjwa wa mwili, na uainishaji wa 11 wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, umeipa kundi lake.

Mwongozo huo wa Marekani unataka dalili 3 kati ya 12, zikiwemo kuduwaa, kutosema, kuuacha mkono ukining'inia pale ulipoinuliwa, kupinga kila agizo na kuigiza maneno ya mwingine. Kuhangaika bila kuchokozwa nako kumo, ingawa wengi wetu humtazamia mgonjwa aliyeganda tu. Maswali pekee hayatoshi kuzibaini dalili hizi: sharti umkunje mgonjwa kiwiko, au umnyooshee mkono huku ukimwambia asiupokee, kisha utazame anavyofanya.

Kosa la uainishaji huishia kwenye sindano. Anayedhaniwa kuwa na skizofrenia hupewa haloperidoli, dawa ya kutibu skizofrenia, ambayo kwa mwenye katatonia yaweza kuzidisha hali na hata kuleta homa kali na kukakamaa kwa misuli kunakoua, ilhali miligramu 1 au 2 za lorazepamu, dawa ya kutuliza, huweza kumfanya aseme ndani ya dakika chache. Asipopata nafuu, utambuzi haujakanushwa; chanzo kiendelee kutafutwa, kukiwemo kuvimba kwa ubongo kunakoletwa na kinga ya mwili.

Kipimo cha katatonia cha Bush na Francis cha mwaka 1996 kina vipengele 14 vya uchunguzi wa awali, na 2 vikionekana, mgonjwa achunguzwe zaidi. Naomba kiingizwe katika mafunzo ya vitendo ya wauguzi na matabibu, kwa kuwa wao ndio humpokea mgonjwa kabla hajamwona daktari bingwa.

Muuguzi wa afya ya akili,
Morogoro