Mpangilio wa timu katika The King of Fighters ulindwe

Mhariri,

Naomba nafasi niutetee mchezo wa video wa The King of Fighters '98, uliotolewa mwaka 1998 na kampuni ya SNK ya Osaka, Japani. Wanaodai kuwa michezo ya mapigano ni kubonyezabonyeza vitufe tu hawajatazama jinsi timu ya wapiganaji watatu inavyopangwa: anayeshindwa hutoka na mwenzake kuingia, ilhali mshindi hubaki ulingoni na majeraha yake, akirudishiwa sehemu ndogo tu ya uhai. Kumtanguliza mpiganaji kama Kyo Kusanagi au kumweka akiba ni uamuzi mzito. Toleo la 1999 liliongeza mpiganaji wa nne wa kusaidia, na kwa maoni yangu likaupunguzia mchezo uzito huo. Naiomba SNK iulinde mpangilio wa watatu katika matoleo yajayo.

Msomaji wenu wa siku nyingi