Grafu za Bajeti Zisomeke Hata Kwenye Kopi Nyeusi

Mhariri,

Naendesha saiba hapa Kondele, Kisumu, na kazi inayonilisha zaidi ni kutoa kopi. Kuanzia Februari hadi Juni, msimu wa kaunti kupanga fedha kabla mwaka mpya wa bajeti kuanza Julai 1, huletewa ripoti za kila aina: za maofisi, za mashirika, za vikundi vya mtaa vinavyojiandaa kwa vikao vya umma. Nyingi zina grafu zilizopakwa rangi za kupendeza. Lakini karibu zote hutoka kwangu zikiwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu mtu anayetaka nakala za kugawia watu ukumbi mzima hawezi kumudu kopi za rangi.

Hapo nyekundu na kijani hugeuka kijivu kilekile. Hivi majuzi nilitoa kopi ya ukurasa wenye duara lililokatwa vipande tisa, na pembeni kisanduku chenye vijirangi tisa vya kuonyesha kipi ni afya, kipi ni barabara, kipi ni maji. Mama aliyekuja kuzichukua aliiangalia ya juu, akaniuliza, "Sasa maji ni gani hapa?" Tukarudi kwenye karatasi yake halisi kutafuta, na hata huko samawati mbili zilikuwa zimefanana mno hadi tukabaki kubahatisha. Mama huyo ndiye mwananchi ambaye Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka ashirikishwe katika mambo ya fedha za umma.

Dawa yake haina gharama. Jina la sekta liandikwe palepale kwenye mchoro, pamoja na kiasi chake, kisanduku cha pembeni kiondolewe. Na vipande vikizidi vitatu au vinne, duara liachwe, zichorwe nguzo zilizopangwa kuanzia ndefu hadi fupi. Si maoni yangu tu. Mwaka 1984 wanatakwimu wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba jicho la binadamu hulinganisha vitu vilivyopimwa kwenye mstari mmoja kwa usahihi zaidi kuliko linavyolinganisha pembe. Duara likiinamishwa lionekane kama chapati nene iliyolazwa mezani, mambo huharibika zaidi, maana kipande cha mbele huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Sijui ni nani aliyewaambia watu wa maofisi kwamba unene huo ndio utaalamu.

Nguzo nazo zina hila yake. Chukua sensa ya 2019: Kaunti ya Kisumu ilikuwa na watu 1,155,574, Homa Bay 1,131,950. Tofauti ni watu 23,624, yaani kama asilimia 2. Sasa chora nguzo mbili zinazoanzia 1,120,000 badala ya sifuri. Ya Kisumu itakuwa ndefu karibu mara tatu ya ile ya Homa Bay, na mtu aliyeketi nyuma ya ukumbi, asiyeziona namba zile ndogo za pembeni, ataondoka akiamini jirani zetu ni wachache sana. Mara nyingi aliyechora hakukusudia kumdanganya mtu. Programu ya Excel, ikipewa namba zinazokaribiana, huweza kuukata mhimili, yaani ule mstari wa namba ulio pembeni, usianzie sifuri, yenyewe bila kuulizwa. Ni kuufungua mpangilio wa mhimili na kuandika 0 mahali pa kiwango cha chini.

Wapo watakaosema basi kila grafu ianzie sifuri. Hapana. Nguzo husomwa kwa urefu wake, ndiyo maana ukiikata umeuharibu ujumbe. Grafu ya mstari husomwa kwa kupanda na kushuka. Ziwa Viktoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 maji yalipanda kwa zaidi ya mita moja, na watu wa ufuoni wakahama nyumba zao. Ukichora mstari huo kuanzia usawa wa bahari, utanyooka kama kwamba hakuna lililotokea. Hapo kuanzia juu ni halali, mradi mchoraji aeleze waziwazi mhimili unaanzia wapi.

Kuna jambo jingine dogo linalowapoteza wengi: maandishi ya pembeni yasemayo kwamba namba ziko katika maelfu ya shilingi. Huandikwa kwa herufi ndogo, na kwenye kopi ya kopi hufifia kabisa. Msomaji akiona 450,000 kando ya zahanati husema laki nne unusu, kumbe ni milioni 450. Nimewahi kusikia watu wakizozana hapa kaunta kwa jambo hilohilo, kila mmoja akiwa na hasira za haki. Si ingeandikwa tu "milioni 450"?

Vichwa vya grafu pia viseme kitu. "Mchoro 4.2: Mgao kwa sekta" hauniambii lolote. "Fedha za maji zimepungua kuliko mwaka jana", kama ndivyo hesabu zinavyosema, huniambia nitazame wapi na niulize nini. (Lugha ya grafu zenyewe, ambayo aghalabu ni Kiingereza mbele ya watu wanaojadiliana kwa Kiswahili na Dholuo, inastahili barua yake.) Na pale ambapo namba zenyewe ni tatu tu, grafu ya nini? Jedwali dogo linatosha.

Ombi langu kwa wanaotayarisha karatasi hizi, katika kaunti yetu na za jirani: kabla hamjapeleka faili kwa mpiga chapa, toeni kopi moja nyeusi ya kila ukurasa wenye grafu, kisha mmpe mtu ambaye hakuwa nanyi mlipoichora. Mwulizeni maji yamepewa shilingi ngapi. Akianza kugeuzageuza karatasi, rudini kwenye kompyuta.

Mwenye saiba,
Kondele, Kisumu