"UTI sugu" isiyopona: mwenza naye ametibiwa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie neno moja lililoenea Nyanda za Juu Kusini kuliko ugonjwa wenyewe: "UTI sugu". Kaa nje ya duka la dawa lolote, iwe Mwanjelwa, Makambako au Tunduma, utalisikia. Mtu anaeleza kuwa mkojo unachoma, anapewa amoksilini. Wiki inayofuata anarudi, anapewa siprofloksasini. Mwezi mwingine ananunua chupa ya mitishamba stendi. Fedha zinakwisha, mkojo bado unachoma, na muda wote huo hajaulizwa swali ambalo lingemsaidia: mwenza wako naye ametibiwa?

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na mara nyingi huletwa na bakteria wanaoishi kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi na uko jirani na njia ya haja kubwa, ndiyo maana wanawake huugua zaidi. Wa mwanamume unakaribia sentimita 20, kwa hiyo ni nadra kijana wa kiume kupata UTI ya kawaida. Kijana wa miaka 25 anayeumia akikojoa na kukuta usaha kwenye chupi asubuhi, karibu kila mara ana ugonjwa wa ngono: kisonono (wenyewe wanakiita gono), au klamidia, au vyote viwili. UTI ya kweli humfanya mtu abanwe kila mara, akojoe kidogo kidogo, asikie maumivu chini ya kitovu. Haitoi usaha, haileti uchafu wenye harufu ukeni, wala haitoi kidonda.

Naelewa kwa nini neno hili limependwa. Mke anaweza kulitamka mbele ya mama mkwe bila kuinamisha uso, na mume anaweza kulitaja kazini asichekwe. Tatizo ni kwamba likishatamkwa, mazungumzo yanaishia hapo, na mtu wa pili hatafutwi.

Limekuja na maelezo yake pia: "Nimeipata chooni." Hapana. Bakteria wa kisonono na wa kaswende hufa upesi wakikauka nje ya mwili. Choo kichafu cha stendi kitakupa kuhara, hakitakupa kisonono. Magonjwa haya hupita kwa kujamiiana ukeni, kwa njia ya haja kubwa au kwa mdomo, na mengine kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kaswende, malengelenge ya sehemu za siri (hepesi) na masundosundo, yaani vinyama vinavyoota sehemu za siri, huambukiza hata kwa ngozi kugusana na ngozi yenye ugonjwa, ndiyo sababu kondomu, pamoja na kazi kubwa inayofanya, haiyazuii kikamilifu: hailindi sehemu isiyoifunika. Na anayeipaka mafuta ya mgando au losheni ili iteleze anaidhoofisha mwenyewe, kwa kuwa mafuta huharibu mpira wake. Kilainishi kiwe cha maji.

Sasa tiba, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa zaidi. Kisonono kwa mwanamume hujitokeza siku 2 hadi 7 baada ya kuambukizwa. Klamidia huchukua wiki 1 hadi 3, na wengi haiwaonyeshi dalili yoyote. Kwa kuwa mara nyingi huenda pamoja, na zahanati nyingi hazina kipimo cha klamidia, mtaalamu hufuata dalili na kutibu vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukipewa sindano na vidonge, hujazidishiwa dawa. Sindano ya seftriaksoni huchomwa mara moja kwenye msuli, nayo ni ya kisonono. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipandisha dozi yake hadi gramu 1, kutoka miligramu 250 zilizokuwa kwenye mwongozo wa 2016, kwa sababu vijidudu vya kisonono vinazidi kuzizoea dawa. Penisilini vilishaizoea zamani, na siprofloksasini vimeizoea sehemu nyingi za dunia, zikiwemo nchi zetu hizi. Mwenye usaha anayepewa siprofloksasini dukani anaweza kupata nafuu ya siku chache, kisha anabaki na vijidudu vilivyokomaa zaidi.

Vidonge vya doksisiklini ndivyo vya klamidia: miligramu 100 asubuhi, miligramu 100 jioni, kwa siku 7. Hesabu yake ni vidonge 14. Karatasi moja ya dukani kwa kawaida ina vidonge 10, na wengi hununua hiyo moja. Hata anayepewa vyote 14 huponzwa na jambo jingine: sindano hukausha usaha siku ya pili au ya tatu, akaona amepona, vidonge vikabaki kabatini, na klamidia ikaendelea kimya kimya. Doksisiklini imezwe kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa wima, na usilale kabla ya nusu saa kupita. Kidonge kikikwama kinachoma koo la chakula hadi kidonda. Usiimeze pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma wala dawa za kiungulia, kwani hivyo huizuia kuingia mwilini. Acha saa mbili katikati. Mjamzito haipewi. Yeye kwa klamidia hupewa azithromisini gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mkupuo mmoja.

Mwenza ndiye sura nzima ya "usugu". Kila uliyekutana naye kimwili katika miezi miwili iliyopita anatakiwa kutibiwa hata kama hasikii chochote, na kama hakuna wa kipindi hicho, basi yule wa mwisho. Mume mwenye wake wawili, watibiwe wote watatu. Hakuna tendo kwa siku 7, na siku hizo zihesabiwe tangu yule wa mwisho kutibiwa, si tangu wewe ulipochomwa sindano. Wapo wanaotaka kuokoa aibu na fedha kwa kugawana dozi nyumbani, vidonge 7 kwangu na 7 kwako. Matokeo yake ni wagonjwa wawili walionusurika na dalili tu, wakaambukizana upya kabla mwezi haujaisha. Kama huna namna ya kulianza jambo hili nyumbani, mwombe mtaalamu akuandikie kikaratasi cha kumwita mwenza bila kutaja jina la ugonjwa. Maneno yanatosha yakiwa mafupi: "Nimetibiwa maambukizi, kituoni wanataka na wewe utibiwe." Nani alianza kuleta, vipimo havisemi. Klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila kujionyesha, kwa hiyo aliyeona dalili kwanza si lazima awe ndiye aliyeambukizwa kwanza.

Siku 7 zikipita na usaha bado upo, usiongeze dozi mwenyewe. Rudi kituoni useme ukweli: ulimaliza vidonge au la, mwenza alitibiwa au la. Kama yote yalifanyika, huenda ni trikomona, ugonjwa mwingine wa ngono, inayohitaji metronidazoli, au ni kijidudu sugu, na hapo usaha upelekwe maabara ya hospitali kubwa ukaoteshwe kujua dawa inayokiua.

Metronidazoli kwa trikomona hutolewa miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Kwa vidonge vya miligramu 200, hivyo ni 28. Wataalamu huwashauri wanaoitumia waache pombe, na msimu wa ulanzi nimeona wengi wakichagua kuacha dawa. Ulanzi utakuwepo wiki ijayo.

Wanawake wana mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa wengi wao kisonono na klamidia haviwaonyeshi kitu. Vijidudu hupanda taratibu kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija, huiacha na makovu, na miaka baadaye linabaki swali la kwa nini mimba haishiki au imetungwa nje ya kizazi. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na katika jambo hili walisema kweli neno kwa neno. Mwanamke mwenye maumivu chini ya kitovu yanayozidi wakati wa tendo, pamoja na homa au uchafu ukeni, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asijisafishe ndani kwa sabuni, limau, tumbaku au vidonge vya "kusafisha kizazi". Uke una bakteria wake walinzi, na kuwafuta ni kuwafungulia wengine mlango. Si kila uchafu ni wa ngono, hata hivyo. Mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, wenye kuwasha, mara nyingi ni fangasi, na mume asiye na dalili hahitaji kutibiwa. Mwanamume naye hasalimiki: korodani huvimba, na njia ya mkojo inaweza kusinyaa kwa makovu.

Kaswende nayo ina hila yake. Huanza na kidonda kimoja kisichouma, kwa kawaida kama wiki 3 baada ya kuambukizwa, na hupona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6. Aliyepaka dawa yoyote, hata majivu, ataapa kuwa ndiyo iliyomponya. Ugonjwa umeingia ndani. Baadaye huja vipele visivyowasha, mara nyingi hadi viganjani na nyayoni, navyo hutoweka, na miaka mingi mbele unaweza kushambulia moyo na ubongo. Tiba ya kaswende changa ni sindano moja ya benzathini penisilini, uniti milioni 2.4, aghalabu nusu kila tako. Ikiwa imekaa zaidi ya miaka miwili au haijulikani imekaa muda gani, ni sindano tatu, moja kila wiki. Homa na kutetemeka ndani ya saa 24 za kwanza si sumu ya dawa. Ni vijidudu vinavyokufa kwa wingi. Mjamzito apimwe kwa tone la damu hudhurio la kwanza kabisa kliniki, na baba aende naye, maana kaswende isiyotibiwa huua mtoto tumboni, na mama aliyetibiwa akarudi kwa mume asiyetibiwa yuko palepale.

Malengelenge hayaponi kabisa, ila asikloviri ikianzwa mapema hupunguza maumivu na siku za vidonda. Masundosundo huondolewa kwa dawa ya kupaka hospitalini, si kwa wembe. Huletwa na virusi viitwavyo HPV, na aina nyingine za virusi vya jamii hiyo ndizo huleta saratani ya shingo ya kizazi. Chanjo yake imetolewa nchini tangu 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Kidonda na usaha sehemu za siri humfungulia VVU njia. Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijiji vilivyoboreshewa tiba ya magonjwa ya ngono katika zahanati za kawaida vilipata maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko vile ambavyo havijaboreshewa. Kwa hiyo kila anayetibiwa ugonjwa wa ngono apimwe na VVU siku hiyohiyo. Aliyekutana na hatari ndani ya saa 72 aulizie dawa za kinga, ambazo humezwa siku 28.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya dawa kandokando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Anapofika mtu na "UTI", muulizeni kwa sauti ya chini: kuna usaha, kuna uchafu, kuna kidonda? Likijibiwa "ndiyo" moja, msiuze kidonge, mwelekezeni zahanati. Na dereva anayeondoka usiku kwenda Tunduma, aombe vidonge vyote 14 mkononi kabla hajawasha gari, na ampigie simu mwenza akiwa bado Uyole.

Wako,
Afisa tabibu, Mbeya